Nywele za Mjukuu wa Bi Kazija

Hii habari nilikusudia kufa nayo, na ningekufa nayo kweli kama si kwamba wiki iliyopita pale wodini nesi mmoja mgeni alikuwa anawasimulia wenzake kisa cha nesi wa bara aliyeumbuka huko Jambiani, tena anakosea nusu nzima, anasema yule nesi alifukuzwa na watoto wakamzomea mpaka barabarani, na mimi nimekaa pale pale nakunja vishuka vya watoto nimejitia sisikii. Hakuna aliyenizomea. Ningezomewa ingekuwa nafuu. Basi bora niieleze mwenyewe jinsi ilivyokuwa, aibu yote na ujinga wote, maana yule nesi ni mimi.

Mimi ni mtu wa Tukuyu. Kwetu ni mvua, migomba na baridi ya kuvaa sweta mbili, na nilipopata kazi ya mkataba Unguja mama yangu alinifungia viazi kwenye mfuko kama vile nakwenda mahali wasikojua kupika. Nilipanga chumba Mji Mkongwe, mtaa wa Kiponda, ghorofa ya juu kabisa, ngazi za mbao zinalia kila ukikanyaga, na mwenye nyumba alikuwa mtu mwema ambaye hakukosa kunisalimia hata siku moja, hujambo, habari za kazi, wazee hawajambo huko bara, na salamu ikiisha mlango unafungwa. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Wenyeji wa kule wakikusalimia unaweza kudhani mmezaliwa tumbo moja, lakini kila mtu ana kwake na ana watu wake, na mimi kila jioni nilipanda ngazi zangu na mkate au chipsi kwenye mfuko wa karatasi, nikala nikisikiliza televisheni ya jirani kupitia ukutani (yangu sikuwa nayo), mpaka nikawa nazijua sauti za waigizaji wa tamthilia bila kuwahi kuona sura zao.

Na kazi yenyewe, wacha tu. Wodi yetu ni ya watoto wachanga mahututi, wengi wao njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, mwingine unamweka kwenye kiganja na nafasi inabaki, na miezi ya mwanzo niliviogopa vidole vyangu mwenyewe kama nimeviazima kwa fundi mwashi. Mashine ikilia nakimbia, nafika nakuta mtoto amelala zake na ni waya tu umechomoka, na mashine isipolia nasimama naikodolea macho nikidhani imeharibika. Nilijifunza taratibu, kumgeuza mtoto bila kumshtua, kumlisha maziwa ya mama yake kwa mrija wa puani tone kwa tone, kumtazama rangi ya midomo kabla ya kutazama namba za kwenye mashine. Lakini wagonjwa wetu hawazungumzi, nadhani mnaelewa, unaweza kumaliza zamu nzima umeongea na watu ambao jibu lao kubwa ni kupiga chafya. Kutwa nilikuwa nagusa watu, nawashika, nawapangusa, nawabadilisha, na jioni nikifika chumbani nakumbuka kwamba siku nzima hakuna aliyenigusa mimi.

Hata nywele nilijisuka mwenyewe, na hapa wanawake mtanielewa. Kusuka ni kazi ya watu wawili, mmoja anakaa chini, mwingine anakaa juu kwenye kiti, na maneno yanakwenda, na mimi sikuwa na wa kukaa juu, na saluni nilijaribu mara moja nikakaa katikati ya watu wanaoulizana habari za watu nisiowajua nikatoka mpweke kuliko nilivyoingia. Basi nikawa nanunua rasta zangu dukani, nywele za bandia za pakiti, rangi nyeusi, namba moja, najifungia chumbani na kioo kidogo, najisuka. Mbele panapendeza. Nyuma nilisuka kwa kupapasa, na kwa kuwa nyuma sikuwa napaona, niliona hapanihusu.

Katika kina mama wote waliopita wodini mwaka ule, aliyenijua kwa jina alikuwa mmoja tu, Miza, binti wa Jambiani, aliyejifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake. Wengine wote waliniita sista, na mimi silaumu, mtu mwenye mtoto kwenye sanduku la kioo hana nafasi ya kuuliza majina. Miza alikuja kumkamulia mwanawe maziwa, akakaa pembeni, akaniuliza, "Sista, wewe khasa unaitwa nani?" Nikamwambia Sekela. Akataka kujua maana yake, nikamwambia kwa Kinyakyusa ni kama kusema furahi. Akanitazama kidogo, akasema, "Mbona hufurahi basi?" halafu akacheka, na mimi nikacheka, na tangu siku hiyo kila akiingia husema "Sekela, mwanangu kaamkaje," na nilikuwa nasubiri saa za kukamua maziwa kuliko hata yeye alivyozisubiri.

Sasa mtoto wa Miza, kabla hajatimiza wiki, mishipa ya mikononi ikakataa. Dripu ikiwekwa inavimba, ikihamishiwa mguuni inavimba, na dawa lazima ziingie, na kwa watoto wa vile mahali panapobaki ni kichwani, unanyoa upande mmoja kwa wembe, unatafuta mshipa chini ya ngozi nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Sikuwahi kuupata mshipa wa kichwani mwenyewe, siku zote nilikuwa namshikia mwenzangu, na siku ile wenzangu wote mikono ilikuwa imejaa, mkuu wa wodi, Sista Rukia, akanitazama akasema, "Haya, Sekela, leo wewe." Nikanyoa. Mtoto alikuwa na nywele nyingi kwa udogo wake, nyeusi, laini, nikaona mshipa, nikaingiza, damu ikarudi mara ya kwanza tu. Jamani furaha ile. Nilibandika plasta, nikafunga dripu, nikakusanya pamba, wembe na vile vinywele kwa mkono mmoja, nikavitupa kwenye ndoo za taka zinazokwenda kuchomwa, na nadhani nilikuwa naimba.

Kesho yake akaja Bi Kazija, mama yake Miza. Huyu ni mwanamke wa mwani, maisha yake yote amefunga na kuvuna mwani kule pwani, mikono imekauka na kupasuka kwa maji ya chumvi, sauti haiinuki wala haishuki. Akachungulia kwenye kioo, akamtazama mjukuu wake muda mrefu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Mwanangu," akasema, "huyu kanyolewa?"

"Ndiyo bibi, upande mmoja, kwa ajili ya dripu. Na imekaa vizuri."

"Na nywele zake zi wapi?"

Hapa nataka mnielewe. Mimi kwetu sijawahi kusikia nywele za mtoto zinaulizwa. Lakini nilikuwa nimekaa Unguja kiasi cha kuona kwa mbali kwamba siku ya saba mtoto hunyolewa, zile nywele hupimwa, na fedha ya uzito wake hutolewa sadaka, nilikuwa naijua kama unavyoijua habari ya nyumba ya pili. Na macho ya yule bibi yalikuwa yananingoja. Neno "tumezitupa" lilikuwa limeshafika mdomoni, nikaona jinsi litakavyompiga, na nikaona jinsi atakavyomwambia Miza, na Miza atakavyoniangalia. Basi nikasema neno dogo kabisa kuliko yote, neno la herufi nne.

"Zipo."

"Umezitunza?"

"Nimezitunza bibi. Ziko kabatini, ufunguo anao mwenzangu. Kesho nitakupa."

Bi Kazija akashusha pumzi, akaniwekea mkono begani, ule mkono mkavu, akasema, "Alhamdulillahi. Nlidhani mshazitupa, nlikuwa nshaanza kulia moyoni." Na ule mkono ukakaa begani pangu kidogo. Ningeweza kusema ukweli hata wakati ule. Lakini mkono ulikuwa bado upo.

Jioni ile nikakaa kitandani na mkasi. Kwanza nilifikiria nywele zangu halisi, lakini zangu ni ngumu, kipilipili cha milimani, hata kipofu asingezichukua. Nikafikiria rasta. Nikavuta kisogoni msuko mmoja, nikakata ncha yake, nikaifumua, nikaichambua nyuzi moja moja, nikazikatakata fupi fupi, nikazipaka mafuta ya watoto ili zilainike zising'ae, nikazifunga kwenye kipande cha shashi safi, nikatazama. Nilijiambia kwamba namfariji bibi wa watu. (Mtu akitaka kufanya ujinga hakosi jina zuri la kuupa.) Kwamba upande wa pili wa kichwa cha yule mtoto ulikuwa bado umejaa nywele zake halali, wala halikunipitia akilini.

Bi Kazija akaifungua shashi pale pale kwenye korido, mbele ya mabibi wengine waliokaa kwenye benchi. Akazipapasa. "Mikono yangu hii mwani ushaila, sihisi kitu," akasema, "lakini kwa macho tu naona laini, mashaallah." Akazifunga, akazitia kifuani ndani ya buibui, akalia kidogo bila sauti. Halafu akawageukia wale mabibi akawaambia kwamba huyu mnayemwona, mtoto wa bara, si wa dini yetu, katunza nywele za mjukuu wangu bila kuambiwa na mtu. Mabibi wakanitazama upya. Mmoja akaniomba nimtunzie na za mjukuu wake. Mwingine akaniuliza kama nimeolewa.

Mambo yakaanza kunizidi hapo. Habari ikamfika Sista Rukia, na asubuhi kwenye kupokezana zamu, mbele ya wote, akasema, "Mjifunze kwa Sekela, nesi si sindano tu, nesi ajue mila za watu anaowahudumia," na watu wakanipigia makofi, na mimi nikatazama viatu vyangu. Bi Kazija naye, kabla hajarudi Jambiani, akaniita pembeni. "Miza nkimuuliza habari za mtoto analia tu, simwelewi," akasema. "Nipigie weye. Weye hunifichi kitu." Basi kila siku nikitoka kazini nikawa nampigia simu Jambiani, namwambia leo uzito umeongezeka kidogo, leo oksijeni tumepunguza, leo maziwa yamekaa tumboni, na yote yalikuwa kweli tupu. Nilizipenda zile simu kuliko chakula. Kuna mtu mahali fulani alikuwa anangoja simu yangu.

Siku ya saba ikakaribia na mtoto hakuwa wa kutolewa, wala Miza hakuweza kumwacha. Bi Kazija akanipigia yeye. "Sisi huku tutasoma dua yetu vivyo hivyo," akasema. "Mtoto hayupo, mamake hayupo, lakini nywele zake zipo. Na weye uje. Walau awepo aliyemshika." Nilikuwa na siku ya mapumziko. Ningeweza kusema naumwa. Lakini tangu nifike Unguja hakuna nyumba niliyokuwa nimealikwa, hata moja, na nilipokata simu nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitavaa nini.

Haji, baba wa mtoto, anayefanya kazi hotelini Paje, alikuja kunichukua na gari la kuazima. Njia nzima alinieleza jinsi nyumba inavyonisubiri. Nilifika nimevaa dera jipya na mtandio nilioufunga vizuri kwa kadiri ya ujuzi wangu, nikapokelewa na wanawake wengi, shikamoo nyingi na marahaba nyingi, nikakalishwa kwenye mkeka kule mbele, kando ya Bi Kazija, na mbele yetu kikawekwa kisahani cheupe chenye ile shashi. Nilikaa karibu na rasta zangu kama bibi harusi. Akaja mwanamke mmoja akaniletea juisi ya ukwaju, mwingine akanirekebishia mtandio bila kuniuliza, akanivuta sikio kidogo kwa utani, na nikiwaambia kwamba kwa muda ule nilisahau kabisa uongo wangu mtaniona mtu wa ajabu, lakini nilisahau. Nilikuwa nimekaa na watu.

Dua ikasomwa. Baada ya dua Bi Kazija akasema kabla mjomba wa mtoto hajazipeleka nywele mjini kwa sonara kupimwa, tuzifukize kidogo, zitoke nyumbani zikinukia. Kikaletwa chetezo, makaa yamewiva, ubani juu. Akaifungua shashi kwenye kisahani, akakishika juu ya moshi, akakizungusha taratibu huku midomo inasema maneno yake. Na ile mikono yake isiyohisi kitu, kisahani kikainama kidogo tu, na fungu dogo la nywele likateleza likaangukia kwenye makaa.

Nywele za mtu zikiungua mnajua zinavyofanya, zinasinyaa, zinatoa harufu ya kwato. Zile hazikufanya hivyo. Zilijikunja, zikajikusanya, zikawa tone jeusi linalochemka juu ya kaa, na ukapanda moshi ambao hauna uhusiano wowote na ubani.

"Mbona kama kidumu kinaungua?" akauliza mmoja kule nyuma.

"Huo ubani wenu mmenunua wapi?" akasema mwingine.

Sasa, mwanamke yeyote aliyewahi kusuka rasta anaijua ile harufu, maana ukimaliza kusuka unazichoma ncha kwa kiberiti ili zisifumuke. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Niliwaona wanavyoijua mmoja baada ya mwingine, wanatazamana, wanaona haya kusema. Aliyesema ni Asya, mpwa wa Bi Kazija, msusi pale kijijini, binti mpole, wala hakusema kwa ubaya. Alisogea, akachukua uzi mmoja kwenye kisahani, akaugusisha kwenye kaa, ukawa tone. Akasema polepole, kama anayesoma bei, "Mama mkubwa, hii rasta. Namba moja."

Mtandio wangu ulikuwa umeteleza nyuma. Sikuhitaji kugeuka kujua macho yote yalikuwa wapi.

Bi Kazija akakiweka kisahani chini kwa uangalifu kama vile bado kina kitu cha thamani. Akaniuliza kwa ile sauti yake isiyopanda, "Mwanangu, nywele za mjukuu wangu zi wapi?"

Nikamwambia. Zilikwenda na taka, zimechomwa, sikujua, nikaogopa, nikakata rasta zangu nikazipaka mafuta. Nilisema mbele ya watu wote wale, na Kiswahili changu kikaniponyoka, nikawa nachanganya maneno na machozi na makamasi, na kuna mama akanisogezea kanga yake nijifute. Nilijiandaa kwa matusi. Bi Kazija hakutukana.

"Ungenambia tu," akasema. "Siku ya saba ikipita ipo ya kumi na nne, ipo ya ishirini na moja, ipo siku yoyote atayotoka. Nywele huota, mwanangu." Kisha akafikiri kidogo, na nikaona uso wake unabadilika, na hapo ndipo aliponimaliza. "Na zile simu," akasema. "Unaponambia kaongezeka. Unaponambia maziwa yamekaa tumboni. Na zile nazo ulizipaka mafuta?"

"Zile kweli bibi."

"Ntajuaje?"

Yule bibi alikuwa maili nyingi kutoka kwa mjukuu wake, na kitu pekee alichokuwa nacho cha yule mtoto kilikuwa neno langu, na neno langu lilikuwa limegeuka tone jeusi juu ya chetezo mbele ya ukoo mzima.

Nikanyanyuka kuondoka. Mlangoni mtu akanitia mkononi bakuli la pilau lililofunikwa, maana katika nyumba ile mgeni hatoki mikono mitupu, hata mgeni wa namna yangu, na hilo lilinichoma kuliko kama wangeninyima. Haji akanirudisha. Tulipofika mjini, pale Darajani, akauliza, "Hapa panatosha?" nikasema panatosha. Lile pilau nililila kwa mkono, limepoa, nimesimama chumbani, na jirani tamthilia yake ilikuwa inaendelea.

Asubuhi niliingia kazini nikijua habari imeshanitangulia. Nikamweleza Sista Rukia mwenyewe kabla hajaniuliza, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema makofi tuliyokupigia tutayarudisha vipi sasa, akaniandikia onyo, haki yangu. Saa ya maziwa Miza akaingia. Akakaa mahali pake, akakamua, hakuinua macho. Alipomaliza akaninyooshea kikombe.

"Chukua, sista," akasema.

Nilikipokea. Nilikwenda chooni, nikafungua bomba la maji, nikakaa humo mpaka niliposikia naitwa.

Siku ile ile, baada ya Miza kutoka, mtoto wake aliacha kupumua. Njiti hufanya hivyo, wanasahau tu. Midomo ikaanza kubadilika rangi kabla mashine haijalia, nikaona, nikamsugua nyayo, nikamsugua tena, akakunja uso, akavuta pumzi kwa hasira, akarudi. Hakuna aliyeona ila mimi. Daktari nilimwita, akampima, akaongeza dawa, nikaandika kinachoandikwa. Mpaka siku ile, jambo kama hilo mimi kwa ndugu nilikuwa nalipitia juu juu, nasema anaendelea vizuri, maana si amesharudi, kwa nini niwatie hofu.

Bi Kazija alikuwa kwenye benchi la nje. Alikuja na gari la alfajiri aone kwa macho yake. Miza amekaa pembeni yake. Nikatoka, nikawaambia wote wawili, "Leo mtoto aliacha kupumua. Nimemsugua nyayo akarudi, na daktari amemwona. Sasa anapumua vizuri, lakini inaweza kutokea tena, na siwezi kuwaahidi kwamba haitatokea."

Miza akashika mdomo. Bi Kazija akanitazama muda ule ule aliomtazama mjukuu wake siku ya kwanza kwenye kioo.

"Hili kweli?" akauliza.

"Kweli bibi."

"Ndiyo," akasema. "Hili halina mafuta." Akavuta buibui lake, akamwachia Miza nafasi ya kuegemea. Mimi nikarudi ndani.

Mtoto yule alitoka. Ilichukua muda, alirudi nyuma mara kadhaa, na kila mara nilitoka mpaka kwenye lile benchi nikasema vile ilivyo, na simu za Jambiani nikawa napiga tena, fupi, bila kupamba. Siku ya kuruhusiwa Bi Kazija alimfunga mjukuu wake kwenye kanga, kichwa upande mmoja nywele, upande mmoja kipara kinachoanza kuota, na alipopita nyuma yangu akasimama. Nikahisi anatazama kisogo changu, pale palipokuwa na ule msuko mfupi.

"Nani anayekusuka?" akauliza.

"Najisuka mwenyewe."

"Ndo maana huku nyuma kumekwenda upogo," akasema, wakaondoka. Miza aliaga, lakini kwa jina hakuniita. Mtoto alinyolewa kwao, nilisikia kwa watu. Sikualikwa, na sikustahili.

Tangu hapo nikinyoa kichwa cha mtoto vinywele vinaingia kwenye shashi kabla hata sijautafuta mshipa, navitia bahasha, naandika jina la mama, na kama vimepotea nasema vimepotea, na mtu akilia na alie mbele yangu nimwone. Na lile neno "zipo" nimeapa silisemi tena mpaka niwe nimekishika kitu mkononi. Wenzangu wananicheka, hata funguo za kabati nakwenda kuzitazama kwanza.

Nilidhani imeishia hapo. Miezi ikapita, wodi ikajaa wengine na kupungua, nikawa mzoefu, wageni wakawa wananishikia mimi. Kisha jioni moja niko chumbani na kioo changu kidogo, pakiti ya rasta mapajani, simu ikalia, namba ya Jambiani. Nikaogopa, nikadhani mtoto.

"Mtoto hajambo, anavunja vyombo," akasema Bi Kazija. "Nakuuliza weye. Hujambo?"

"Sijambo bibi. Mzima kabisa."

Akauliza, "Bila mafuta?"

Nikaiangalia ile pakiti. Jirani walikuwa wanacheka na televisheni yao. Nikasema, "Bila mafuta, bibi, niko peke yangu sana."

Hakusema pole. Nilisikia anamwita mtu, nikasikia "Miza, uliza siku gani hayuko kazini," na kwa mbali sauti ya Miza inajibu "muulize mwenyewe Sekela." Bi Kazija akarudi kwenye simu.

"Njoo Ijumaa, Asya akusuke," akasema. "Lakini rasta uje nazo. Zile nyengine tulishaziunguza."